Mama Yako Hajafukuzwa Kwenye Kwaya

Nyumbani kwetu,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa binamu yangu Chiriku,

Pokea salamu zangu zikiwa bado za moto, maana nimetoka mezani sasa hivi na wifi yako ananitazama kwa lile jicho lake la "kaa uandike". U hali gani? Shemeji yangu hajambo? Na wapwa zangu je, wamekupita kimo wote, au yupo bado mmoja unayeweza kumtisha? Nasikia huko kwenu baridi imeshaanza kuuma. Vaa soksi, dada yangu. Wewe tangu utoto ulikuwa wa kukohoa mwezi mzima kwa ajili ya ubishi wa siku moja.

Huku kwetu sote wazima. Goti langu la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi ya dukani kufikia makopo ya juu, lakini goti ni mali ya mtu, halitupwi. Kitambi changu hakijambo, kinakusalimu sana. Wifi yako ameanza kufanya mazoezi ya kutembea jioni pamoja na majirani. Wanatembea hatua chache na kusengenya masafa marefu. Biashara inakwenda. Mwaka huu wateja wote wanataka rangi nyeupe, ila isiwe nyeupe sana.

Mama yako mzima. Nalisema mapema usije ukaruka mistari kumtafuta. Anakula, analala, anakwenda sokoni kwa miguu yake mwenyewe, na ulimi wake haujashika kutu hata kidogo.

Sasa, huenda umeshasikia kwamba nimemfukuza kwenye kwaya. Habari mbaya hazingoji stempu. Hajafukuzwa. Lakini ni kweli kwamba kwa majuma kadhaa kiti chake kilikaa kitupu, na aliyekifanya kikae kitupu ni mimi. Kwa hiyo ni haki yako kuyasikia haya kutoka kwangu, tena yote, kabla hujaanza kunitafutia matusi. Unajua wewe kama ninavyojua mimi: tangu marehemu baba yako atutoke, kwaya ndiyo kitu pekee kinachomfanya mama yako avae hereni. Kumkosesha kwaya ni kumrudisha kwenye kile kiti cha dirishani. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si maneno ya watu.

Sijui kama nimewahi kukueleza jinsi mimi, muuza rangi, nilivyogeuka mwalimu wa kwaya. Wastaafu wa kwaya walikutana kumchagua kiongozi. Mimi sikuhudhuria kikao. Basi. Asiyekuwepo hana wa kumtetea, na isitoshe walijua nina kinanda.

Tunafanya mazoezi kwenye ukumbi mdogo ulio nyuma ya maktaba, viti vya plastiki na feni moja inayogonga. Hakuna anayejua kusoma muziki, na mimi najua kiasi cha kujidanganya tu. Kwetu wimbo hausomwi, unaambukizwa. Kila mtu anachukua sauti kwa jirani yake, jirani naye kwa jirani yake, na ukifuata mnyororo huo mpaka mwisho unamkuta mama yako, mstari wa mbele, kiti cha katikati. Yeye akivuta pumzi, ukumbi mzima unavuta pumzi. Akiinua kidevu, wimbo umeanza. Mimi nasimama pale mbele nikipunga mikono, nao wananitazama kwa adabu, kama watu wanavyomtazama mgeni anayetoa hotuba ndefu.

Mambo yalikwenda hivyo vizuri, hadi tulipoalikwa kuimba siku ya kufunguliwa wodi mpya ya wazazi hospitalini. Mwaliko aliuleta yule mkunga mstaafu, jirani wa mama yako, ambaye alifanya kazi hospitalini hapo mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikuwa ameshawatambia manesi wote wa zamani. Basi tukaanza mazoezi kwa bidii, na hapo ndipo nilipoanza kusikia kitu kinakwaruza.

Kinanda kilikuwa kinasema hivi, kwaya inasema chini yake. Si chini sana; ingekuwa sana ningelijua siku ya kwanza. Kidogo tu, kama mlango ulioshuka kwenye bawaba. Unafungika, lakini unakwaruza sakafu. Na kadiri wimbo unavyoendelea ndivyo mlango unavyozidi kushuka.

Nikakilaumu kinanda. Nikamwita fundi redio, akakifungua, akapuliza vumbi, akagonga kila kibao mara mbili, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "kinanda hiki kizima kuliko wewe. Kapime watu."

Nikapima watu. Walipokuwa wakiimba nilipita kati ya viti nikitega sikio kwenye mdomo wa kila mmoja.

"Mwalimu, unatusikiliza au unatunusa?" mkunga akauliza katikati ya ubeti.

"Mwache anuse," akasema Mzee Bucha, yule mwenye sauti nzito aliyekuwa akiuza nyama karibu na kituo cha polisi. "Mimi leo nimeoga."

Nilichogundua ndicho hiki, binamu. Hakuna aliyekuwa amekosea. Kila mmoja alikuwa sawasawa kabisa na mama yako. Yeye ndiye aliyekuwa hayuko sawa na kinanda, tena ametulia kama ukuta, hana habari. Nikasimama upande wake wa kulia nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikazunguka upande wa kushoto nikamwita vile vile. Akageuka. "Ee baba, kuna nini?"

Nikajua.

Mtu mwenye akili angekwenda kwake siku ileile wakazungumza. Mimi nilijaribu ujanja. Kwanza nilimpa Mzee Bucha kazi ya kuanzisha wimbo. Aliuanzisha kutoka kisimani. Akina mama wakalazimika kunguruma, na mkunga akauliza kama tunaimbia kina mama waliojifungua au tunawatisha.

Ujanja wa pili: nilimhamishia mama yako mstari wa nyuma kabisa, nikidai ni kwa ajili ya picha, kwa kuwa yeye ni mrefu. Alihama na mkoba wake. Wimbo wa kwanza, watu wakaanza kugeuza shingo. Wimbo wa pili, wakageuza mabega. Kufikia wimbo wa tatu walikuwa wamegeuza viti, taratibu, mmoja mmoja, bila mtu kuagizwa na mtu. Mwisho wa mazoezi mstari wa nyuma ndio uliokuwa wa mbele, na mimi nilikuwa nikiongoza visogo. Usicheke. Au cheka, lakini kwa kiasi.

Basi ikabidi niseme. Hapa ndipo adabu yangu iliponiponza. Nilingoja mazoezi yaishe, wenzetu wakiwa wanapanga viti, nikamsogelea, nikainama, nikasema kwa upole kabisa, "Shangazi, siku ile ya hospitali unaonaje ukikaa nasi tu, bila kuimba?"

"Unasemaje, baba?"

Nikarudia, nikiongeza sauti kidogo.

"Sema basi. Unameza maneno kama vidonge."

Nikasema. Ndugu yangu, nilisema kama mnadi wa mitumba, na mtu alikuwa ndiyo kwanza amezima feni. "USIIMBE, SHANGAZI!" likagonga ukuta huu, likagonga ukuta ule. Viti vikasimama hewani mikononi mwa watu.

"Nimesikia," akasema mama yako.

Akachukua mkoba wake, akautundika mkononi, akaagana na wanakwaya mmoja baada ya mwingine, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, akimtakia kila mtu jioni njema. Mimi akanipita kama nguzo. Hakurudi mazoezi yaliyofuata, wala yale yaliyofuata hayo.

Nyumbani, wifi yako alianza kunipakulia chakula kama mgonjwa wa wodi: kidogo, kimya, na sahani inawekwa mbali. Nilipouliza kuna nini akasema hakuna kitu, na wewe unajua "hakuna kitu" ya mwanamke ina vyumba vingapi.

Na kwaya? Kwaya sasa ililingana na kinanda. Ndiyo, ililingana, kwa sababu hakukuwa na wa kuivuta kwingine. Lakini walianza kila wimbo kama watu wasiojuana waliokutana mlangoni: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Ufunguo walikuwa nao, wimbo hawakuwa nao. Kiti cha katikati hakuna aliyekikalia, hata nilipokiondoa. Waliacha nafasi yake wazi.

Siku moja mkunga alinisubiri nje. "Mwalimu," akasema, "mimi nimezalisha nusu ya mji huu. Sijawahi kuona mtoto ametoka salama kwa kumfukuza mama chumbani."

"Sikumfukuza."

"Ulimpigia kelele."

"Kwa sababu hasikii!"

"Tunajua hasikii," akasema. "Tunajua tangu zamani. Wewe ndiye uliyechelewa."

Nilibaki nimesimama pale nikiwa na kinanda kwapani. Walijua wote! Walikuwa wakimsikia akishuka, na walikuwa wakishuka naye kwa makusudi, asije akabaki huko chini peke yake. Mimi na kinanda changu ndio tuliokuwa hatujaelewa.

Kesho yake nikafunga duka mapema nikaenda kwake. Nilibisha hodi mpaka jirani akatoka. Mwishowe nikazunguka kwenye dirisha la jikoni. Alikuwa ameketi akichambua maharage, redio ameikumbatia begani, sikio la kushoto limebanwa kwenye spika kama mtu anayesikiliza siri. Nilipunga mkono mpaka akaniona. Hakushtuka. Aliizima redio, akafungua mlango, akanipa ungo na mimi nichambue.

Tulichambua kwanza. Kisha nikamwomba radhi, nikiwa upande wa kushoto, kwa sauti ya kawaida.

"Sikukasirika kwa kuambiwa nisiimbe," akasema. "Nilikasirika kwa kuambiwa mara tatu."

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Akaendelea kuchambua maharage yake. "Kipofu hushikwa mkono, mwanangu. Kiziwi huchekwa, halafu watu wanachoka kurudia, halafu hawamsemeshi tena. Nimemwona mama yangu. Alikaa na sisi mezani kama kabati."

Nikatoa lile dogo nililokuja nalo. Nilimwambia kwamba siku ya hospitali nitakiacha kinanda nyumbani. Yeye ataanza pale atakapoanza, nasi tutakuwa hapo.

"Na nikikosea?"

"Tutakosea wote, Shangazi."

"Mkikosea wote mahali pamoja," akasema, "hiyo si kukosea tena. Hiyo ndiyo kwaya."

Ila alitoa sharti. Nilimtoa mbele za watu. Atarudi mbele za watu. Mazoezi yaliyofuata alikuja na hereni zile za kijani, akasimama mbele ya wote pale ninaposimama mimi, akasema bila kupepesa, "Sikio la kulia limekufa, la kushoto linachechemea. Anayetaka kunisengenya akae kulia. Anayetaka kuimba akae kushoto."

Ukumbi ulicheka mpaka feni haikusikika. Halafu Mzee Bucha akanyanyua kiti chake, yeye na mwili wake wote ule, akakiburuta mpaka kushoto kwa mama yako. Wengine wakamfuata. Sasa tunakaa upande mmoja wote, kama watu waliomo kwenye mtumbwi unaopinduka, na upande wa kulia amebaki mkunga peke yake. Anasema yeye kusengenya hawezi kuacha.

Wodi imefunguliwa juzi. Tuliimba kwenye korido, kati ya vitanda vipya vilivyokuwa bado na nailoni na meza ya maji ya wageni. Mama yako akavuta pumzi, akainua kidevu, tukaenda. Ubeti wa kwanza tulikuwa juu kidogo ya ardhi. Ubeti wa mwisho tulikuwa tumeshuka sana, Mzee Bucha akitoa sauti ambazo nadhani hata yeye hakuzijua, lakini tulishuka pamoja, ngazi kwa ngazi, hakuna aliyeachwa juu. Mganga mkuu alikuja kunishika mkono akasema hajapata kusikia kwaya yenye sauti nzito na tulivu namna ile. Nilimshukuru. Mkunga alimtambulisha kila mmoja wetu kwa manesi wake wa zamani, na ilipofika zamu yangu akasema, "Na huyu ndiye anayetufungulia ukumbi."

Kwa hiyo kiti kina mwenyewe, binamu. Hilo limekwisha.

Jana nilimpeleka kwa daktari wa masikio. Alikubali kwenda mwenyewe, baada ya siku ile ya kusema mbele za watu. Nadhani ukishalitamka jambo ukumbini, daktari mmoja hakutishi. La kulia daktari amesema halirudi. La kushoto linaweza kusaidiwa kwa kile kifaa kidogo cha kuvaa sikioni, na wameshachukua kipimo chake. Kitachukua muda kidogo. Amekuwa akiuliza kama kinapatikana cha kijani.

Wote wanakusalimu. Wifi yako anakusalimu na anasema ile blauzi ilimtosha, usimwamini mtu mwingine. Mwanangu wa kwanza anasalimu. Anasema yuko kwenye mitihani, ingawa mimi namwona yuko kwenye kochi. Baba mdogo anakusalimu kutoka kwenye kitanda chake, anaendelea vizuri na anagombana na kila mtu, ndipo tunapojua anaendelea vizuri. Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote mmoja mmoja.

Nimebakiza jambo moja, na nimeliacha mwisho kwa sababu sikujua niliweke wapi. Hili ni la kwenu wawili, mimi ni mjumbe tu.

Tulipotoka kwa daktari mama yako alisimama kwenye ngazi za duka la dawa, akasema ana neno. Aliniambia kwamba muda mrefu sasa, ukipiga simu, yeye hasikii maneno. Anasikia sauti yako tu, anajua ni wewe, anajua kama umefurahi au umechoka. Basi anajibu kwa kukisia: ndiyo mwanangu, vizuri mwanangu, Mungu ashukuriwe. Anangoja mpaka unyamaze, anakuaga. Kwa kawaida inafaulu.

Lakini anasema kuna siku ulilia. Alijua unalia. Hakujua ni nini, na aliona haya kukuomba urudie, akasema "Mungu ashukuriwe", kama kawaida yake. Ukanyamaza ghafla. Kisha simu ikakatika, na tangu siku hiyo unapiga kwa nadra, na ukipiga humalizi dakika.

Sijui ulimwambia nini, na sitaki unijulishe. Yeye pia hajui, binamu. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Hakukusikia.

Anakuomba usipige simu kwanza, mpaka kifaa kifike. Anakuomba uandike barua, kwa herufi kubwa, umweleze upya ulichomweleza siku ile, mwanzo mpaka mwisho, usifupishe. Mkunga amejitolea kumsomea. Mama yako amekataa. Anasema miwani yake bado inafanya kazi, na kwamba safari hii atakijibu kile ulichokisema.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, mlale salama na mwamke salama.

Wako akupendaye, hata kama umenikasirikia tangu ukurasa wa kwanza,

Binamu yako, muuza rangi.